Shamba Ambalo Firmin Hakutaka Kuling'oa

Mtu mwenye akili timamu haachi lavenda iliyokufa shambani. Huku kwetu uwandani, hata mtoto anajua hivyo. Shina likizeeka linaanza kukauka upande mmoja, mwaka unaofuata upande wa pili, na hapo unaling'oa, unaiacha ardhi ipumzike, kisha unapanda upya. Hakuna mjadala. Lakini Firmin Autric alikuwa na shamba nyuma ya nyumba yake, lile linaloteremka mpaka kwenye miti ya mialoni. Zaidi ya nusu yake ilikuwa imekufa, na kila mwaka aliliacha vilevile.

Si kwamba alikuwa mvivu. Mashamba yake mengine aliyatunza mpaka majirani wakawa wanayaonea wivu. Alikuwa mseja aliyevuka sitini, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi akiwa amekaa sebuleni kwa watu. Maneno yake yalikuwa machache mno. Ukimpa habari njema atakwambia "haya," ukimpa habari ya msiba atakwambia "haya," ila kwa sauti ya chini kidogo. Aliishi na dada yake Rosette, mjane, ambaye alikuwa akipangisha vyumba viwili vya juu kwa wageni na kuzungumza kwa niaba ya wote wawili.

Mwezi wa saba, tulipopeleka maua ya lavenda kukamuliwa mafuta ya manukato, mzigo wa shamba lile ulikuwa mdogo hata aibu. Wanaume pale mtamboni hawakumwacha apumue.

"Firmin, hii umeileta tukamue au tuweke kwenye kabati la nguo zipate kunukia?"

"Mwaka huu naling'oa," alijibu Firmin.

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Nasubiri mwezi."

Basi hapo watu waligeukia mizigo yao, maana kwetu habari ya mwezi haina mzaha. Babu zetu waling'oa na kupanda mwezi ukiwa unapungua, na sisi tunafanya hivyo mpaka leo, hata wale wanaojidai hawaamini. Mtu akisema anasubiri mwezi, huna la kumuuliza. Firmin aliujua ukuta huo, na alijificha nyuma yake miaka mingi.

Ukweli ulikuwa mwingine. Ukweli ulikuwa Solange Perrachon.

Alikuja mara ya kwanza na kikundi cha wachoraji kutoka Lyon. Walikuwa wamesoma mahali fulani kwamba vyumba vya Rosette ni rahisi mwezi wa Oktoba, wakafurahi, wakaja na kanvasi zao na rangi za zambarau za kutosha kupaka kanisa zima. Waliposhuka garini walisimama wakaangaza huku na huku. Mbele yao kulikuwa na mistari ya mashina ya kijivu, yamenyolewa, mviringo kama vichwa vya watoto wanaoanza shule. Bwana mmoja mwenye skafu alimgeukia Rosette.

"Iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile zambarau."

"Tuliikata Julai, bwana wangu. Iko kwenye chupa."

Walinuna. Kesho yake wakapanga kwenda bondeni kuchora bustani za kasri moja lenye chemchemi na waridi, na wengi wakaondoka. Solange alibaki. Alikuwa mwalimu wa kuchora aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe alizozikata mwenyewe, na zilionekana hivyo. Alichukua kigoda chake cha kukunja akakaa kwenye ukingo wa lile shamba, akaanza kuchora mistari ya kijivu.

Firmin alipita na jembe begani. Akapita tena bila jembe. Mara ya tatu akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa refu kuliko yote aliyouliza mwaka ule.

"Unachora nini, bibi, na hakuna kitu?"

"Nachora shamba hivyohivyo lilivyo. Julai shamba linajionyesha kwa kila mpita njia. Sasa linajikalia tu, halina habari na mtu."

Firmin alisimama pale kama aliyesikia jina lake likitajwa. Maana yeye naye alikuwa anajikalia tu, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuna uzuri katika jambo hilo.

Mwaka uliofuata Solange alirudi peke yake. Na mwaka mwingine. Kila Oktoba alikaa wiki moja. Asubuhi Firmin alimbebea kanvasi na kigoda mpaka ukingoni, saa kumi jioni alimpelekea lozi za kukaanga kwenye karatasi, wakakaa wakizitafuna. Yeye Solange alizungumza na Firmin akasikiliza. Alimweleza habari za mume aliyemwacha zamani, za wanafunzi wake, za binti yake Odile anayeishi Lille, mbali kaskazini, na kumpigia simu kumgombeza. Siku nyingine alikuwa bustanini na Rosette, wakikata waridi za mwisho na kufunga maua ya vuli kwenye vijiti ili upepo usiyalaze. Firmin akiwa ghalani aliwasikia wakicheka, na kazi yoyote aliyokuwa akiifanya aliifanya polepole ili isiishe.

Alimpenda. Acha niliseme mimi, kwa sababu yeye hakulisema. Solange akishaondoka, Novemba nzima Firmin alizunguka njia ndefu ili apite pale kigoda kilipokuwa kimekaa. Msimu wa baridi alikula huku akikitazama kiti cha upande wa dirishani. Kiangazi, watalii wakijaa barabarani wakipigana picha katikati ya zambarau, yeye alikuwa anatamani Julai ipite haraka, jambo ambalo mkulima wa lavenda hapaswi kulitamani.

Na alikuwa amejiaminisha jambo moja: kwamba Solange anakuja kwa ajili ya lile shamba. Likiondoka shamba, atakuja kufanya nini? Ukishang'oa, unapanda majani ya mifugo ardhi ipumzike, halafu unapanda miche, halafu unasubiri miaka mpaka mistari ionekane ni mistari. Nani atasafiri kutoka Lyon kuja kuchora majani ya kondoo? Kwa hiyo mashina yalikauka, mapengo yakaongezeka, mafuta yakapungua, na Firmin akaendelea kusubiri mwezi.

"Shemeji anakuja lini?" Baptistin Maurin alikuwa akimuuliza kila Septemba. Baptistin ndiye jirani yetu mwenye trekta kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Shemeji gani?"

"Haya, bwana. Mimi sijasema kitu."

Vuli ile ninayoisimulia, Baptistin alimbana kweli. Kidudu kile kirukacho kinachokausha lavenda kilikuwa kimejaa katika shamba la Firmin, na kutoka pale kingeingia kwa wengine. Firmin akakubali. Alimwambia ling'olewe mwisho wa Oktoba, na kichwani mwake alikuwa amepiga hesabu kwamba Solange atakuwa ameshaondoka. Mwaka mmoja zaidi, alijiambia. Mwaka huu atalikuta.

"Kwa nini mpaka mwisho wa Oktoba?" Baptistin aliuliza.

"Mwezi."

"Haya. Mwezi ni mwezi."

Alhamisi aliyotarajiwa Solange, Firmin alivaa shati safi akashuka mjini Manosque kumpokea kwenye treni. Alimkuta amekaa juu ya sanduku lake, amepungua kidogo, na sanduku lilikuwa kubwa kuliko siku zote. Wakapanda gari. Kwa kawaida Solange alianza kuzungumza kabla mlango haujafungwa. Safari hii alitazama mizabibu iliyogeuka nyekundu tu mpaka wakaanza kupanda mlima.

"Firmin," alisema, "kuna jambo nataka nikwambie, na nimelitafutia maneno tangu Lyon."

Firmin akapunguza mwendo. Na hapohapo wakakata kona ya mwisho, ile ambayo nyumba na shamba vinaonekana kwa pamoja.

Shamba halikuwepo.

Kulikuwa na udongo mtupu, mwekundu, umepinduliwa kuanzia nyumba mpaka kwenye mialoni. Mashina yalikuwa yamerundikwa vichuguu vichuguu, mizizi juu. Trekta la Baptistin lilikuwa limesimama katikati, na watu kama nusu ya kijiji walikuwa pale na reki na uma. Walipoliona gari wakainua mikono wakashangilia. Rosette alikuwa mlangoni ameshika aproni yake kwa mikono miwili, hashangilii.

Baptistin alikuja mbio, ametapakaa vumbi, amejaa furaha.

"Tumekumalizia, Firmin! Redio imesema mvua inaanza kesho na haikatiki wiki nzima. Udongo huu ukilowa, mimi na trekta langu tungeingia hapa Februari. Nikakumbuka habari zako za mwezi, nikafungua almanaki, ile kalenda ya mwezi, na unajua nini? Umeanza kupungua jana! Nikawaambia wenzangu, twendeni, mtu wa watu amesubiri mwezi miaka yote hii, leo tumpe mwezi wake!"

Ndivyo tulivyo. Mvua ikikaribia, huku kwetu hakuna anayeombwa ruhusa ya kusaidia. Mwenye trekta huingia shambani kwa jirani, anafanya, na mwenye shamba akirudi anatoa divai. Firmin mwenyewe alishawafanyia wengine hivyo mara nyingi. Hakuwa na pa kuushikia ule ubaya, maana haukuwa ubaya.

"Haya," alisema. Kisha akajikaza akaongeza, "Ahsanteni."

Solange alikuwa ameshuka. Alitembea mpaka ukingoni, pale pake pa siku zote, akasimama na mkoba wake mkononi. Aliokota shina moja kavu, akalinusa, akalirudisha taratibu kwenye lundo. Firmin alimtazama kwa mbali na hakuweza kumsogelea.

Kwa desturi, mashina yaking'olewa huchomwa, na waliofanya kazi hulishwa. Rosette alitoa meza nje, akaleta nyama ya kondoo iliyochemka kwenye divai tangu asubuhi, mkate, jibini ya mbuzi na zeituni. Moto ukawashwa kabla jua halijashuka. Moshi wa lavenda kuukuu una harufu nzito, si ile ya chupani, na huingia kwenye nguo ukakaa siku nyingi. Watu walikula, wakanywa, wakataniana.

"Shemeji, kula basi," Baptistin alimwambia Solange, akimjazia sahani. "Usihuzunike. Sasa umebakiwa na udongo. Udongo haukimbii, chora tu."

Solange alicheka kidogo. Kisha akaweka uma chini.

"Mwaka huu ni wa mwisho," alisema. Alisema na meza nzima, lakini alikuwa anamtazama Firmin. "Nahamia Lille kwa binti yangu. Amejifungua, na yuko peke yake na mtoto. Nimeshatoa neno langu na nyumba ya Lyon nimeshairudisha. Nilitaka nije niage."

Rosette alimgeukia kaka yake. Baptistin naye alimgeukia. Hata yule mama mkongwe anayeuza mkate, ambaye hasikii vizuri, aliacha kutafuna. Wote tulikuwa tunamngoja mtu mmoja.

"Haya," alisema Firmin.

Nakwambia, kama mtu angempiga kofi pale mezani, hakuna ambaye angemzuia.

Mvua ilianza alfajiri kama redio ilivyosema. Solange alichora akiwa ndani, dirishani, na mchana ikipungua alikwenda bustanini na Rosette kuchuma maboga kabla hayajaoza. Firmin alikaa ghalani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Mara kadhaa aliingia jikoni kwa hatua za mtu aliyeamua. Solange aliinua kichwa, akamngoja.

"Mvua hii," Firmin alisema.

"Ndiyo," Solange alijibu. "Mvua hii."

Akatoka tena.

Jioni moja Rosette alimfuata hukohuko ghalani, na mwavuli, na hasira.

"Wewe una ulimi au hauna?"

"Nimwambie nini sasa? Shamba ndilo hilo, halipo. Na amesema anaondoka."

"Nani kakuuliza habari za shamba?"

Firmin aliendelea kupiga msumari kwenye ubao ambao haukuuhitaji. Rosette alimwacha, akarudi ndani, akamkatia Solange kipande kikubwa cha mkate wa maboga kana kwamba ndiye aliyekosewa.

Siku ya kuondoka Firmin alimpeleka stesheni. Walifika mapema, wakasimama chini ya paa la jukwaa, sanduku katikati yao. Solange ndiye aliyeanza.

"Baptistin ameniambia lile shamba lilikuwa limekufa siku nyingi."

"Baptistin anasema sana."

"Ameniambia kila mwaka ulikuwa unasubiri mwezi. Mwezi gani huo, Firmin? Mimi si wa huku, lakini nijuavyo, mwezi unapungua kila mwezi."

Firmin alitazama reli. Mikono yake ilitafuta mifuko, ikaikosa. Halafu, labda kwa sababu hakuwa tena na kitu cha kupoteza, akalitoa.

"Ningeling'oa, ungekuja kufanya nini?"

Solange alimtazama. Akakaa juu ya sanduku taratibu, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Unajua nilianza kuchoka na shamba lako lini? Mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeshachora kila shina. Watu Lyon wananicheka, wanasema nina ugonjwa wa kijivu. Nina picha zake mpaka chini ya kitanda."

"Lakini ulikuwa unakuja. Ulikuwa unachora."

"Ningekuja kwa kisingizio gani kingine? Hukuwahi kuniambia njoo. Hata barua moja. Nilikuwa nakaa pale kwenye ukingo na baridi yote ile, nangoja saa kumi uje na lozi zako. Nachora ili nisionekane nangoja."

Tangazo la treni likasikika. Firmin alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakuwa na mazoea na lolote kati ya hayo.

"Kaa," alisema. "Solange. Usiende. Kaa."

Lilikuwa limetoka. Alilisema wazi, mbele ya watu, mkononi ameshika mpini wa sanduku la Solange.

Solange alimwekea mkono kifuani, pale shati linapofungwa.

"Ungesema hata mwaka jana," alisema, na macho yake yakajaa. "Mwaka jana ningekaa. Sasa kuna mtoto kule, na mama yake halali. Nimeshamwambia naja."

Treni iliingia. Firmin akampandishia sanduku, kwa sababu hilo alilijua. Solange alisimama mlangoni, akamshika mkono wake mkubwa akaubana kwa nguvu ambayo huwezi kuitarajia kwa mtu mfupi vile.

"Jumapili nipigie simu."

"Niseme nini?"

"Sijui, Firmin. Tafuta."

Alirudi nyumbani jioni. Rosette alimwona tu alivyoshuka garini akaacha kuuliza. Firmin alikwenda nyuma ya nyumba akasimama kwenye tope jekundu mpaka maji yakaingia viatuni. Miaka yote ile alikuwa amelinda mashina makavu, akimzuia mwanamke ambaye hakuhitaji kuzuiwa ila kwa neno moja. Alilia. Rosette alimwona kupitia dirishani, na ndivyo tulivyojua.

Siku zilizobaki za wiki ile hazikwenda. Baptistin alikuja kuomba radhi, amevua kofia, amebeba chupa ya divai nzuri. Firmin alimkalisha wakanywa.

"Ningejua, Firmin! Ungeniambia tu ni kwa ajili ya yule mama. Ningezunguka hilo shamba na trekta kama nazunguka kaburi."

"Hukukosa wewe."

"Sasa utapanda nini pale?"

"Sijafika huko."

Jumapili, baada ya chakula, Firmin alikaa chini ya simu ya ukutani na shati lake safi, kana kwamba ataonekana. Rosette alikuwa anamenya vitunguu ambavyo walikuwa hawavihitaji. Firmin alizungusha namba ambayo Solange alimwachia Rosette, akakosea, akazungusha tena. Simu ikaita kwa muda mrefu.

"Halo?" Kulikuwa na mtoto analia nyuma.

"Ni mimi."

"Firmin."

"Ndiyo."

Rosette aliacha kumenya. Firmin aliegemeza paji la uso ukutani. Alitafuta kitu cha kusema kuhusu hali ya hewa, kuhusu Baptistin, kuhusu maboga, na vyote vilikuwepo, tayari mdomoni. Akaviacha.

"Nimekukumbuka," alisema. "Ukiondoka huwa nakukumbuka mwaka mzima. Tangu ule mwaka wa kwanza."

Kule Lille mtoto alinyamaza, sijui kapewa nini.

"Sema tena," alisema Solange.

Rosette alifuta mikono kwenye aproni, akatoka nje akafunga mlango. Firmin akasema tena.